"Nimeisoma mara mbili": Shaaban Robert, Abdilatif na stori yangu iliyomponza jirani

Nimeadimika kidogo. Walioniuliza kulikoni niliwajibu kuwa kazi zimenibana. Nilidanganya. Nilikuwa na aibu, na leo nimeamua kuitoa.

Miezi minne iliyopita niliandika stori kuhusu barabara inayopanuliwa upande wa kwetu. Mtaa sitautaja, ofisi pia sitaitaja, maana kesi ya leo inanihusu mimi. Stori ilitoka Jumatatu, ukurasa wa tano, jina langu juu. Nikaipiga picha nikamtumia mama, kama kawaida yangu. Aya ya kwanza naikumbuka neno kwa neno kwa sababu nilihangaika nayo karibu saa nzima:

"Wananchi ambao makazi yao yameguswa na zoezi la upanuzi wa barabara wametakiwa kuhakikisha kuwa wanawasilisha vielelezo stahiki vya umiliki kwa mamlaka husika ndani ya muda uliopangwa ili kuepuka usumbufu unaoweza kujitokeza."

Hiyo "stahiki" niliipenda kweli. Ningeweza kuandika "hati ya nyumba", lakini niliona hati ya nyumba ni maneno ya sokoni, na mimi nimesoma chuo kikuu bwana.

Jumapili yake akaja mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa bandari, gazeti amelikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akalikunjua taratibu. "Mwanangu," akasema, "hii uliyoandika nimeisoma Jumanne, nikaisoma tena leo. Kwani mimi nimo?"

Alikuwemo. Nyumba yake ina alama ya X ya rangi nyekundu ukutani tangu mwaka jana. Nikamwambia, ndiyo mzee, umo, peleka hati yako. Akauliza: "Huo muda uliopangwa ndio lini?" Nikaenda kuchukua daftari langu la kazini. Tarehe niliyoambiwa na ofisa ilikuwamo, nimeipigia mstari kabisa. Ilikuwa Ijumaa, juzi yake tu.

Yaani tarehe nilikuwa nayo. Nilikuwa na jina la ofisi, namba ya chumba, na orodha ya karatasi tatu zinazotakiwa. Vyote hivyo vilibaki kwenye daftari, na gazetini nikapeleka "stahiki".

Mzee hakunigombeza. Alikunja gazeti lake akaondoka, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kesho yake nilimweleza mhariri wangu, dada mmoja aliyekaa chumba cha habari kuliko sisi sote. Sikutaka kujitetea, lakini nikajitetea: nikasema tatizo langu ni kupenda maneno kupita kiasi. Tangu sekondari nilikuwa na daftari la misamiati. Nilikuwa nikikariri Shaaban Robert wenzangu wakikariri mashairi ya Bongo Fleva. (Hayo pia niliyakariri, tusidanganyane.) Akaniangalia juu ya miwani. "Shaaban Robert usimsingizie," akasema. "Hiyo aya yako ina neno gani unalolipenda, ukitoa stahiki?"

Nikaisoma tena. Zoezi. Mamlaka husika. Kuhakikisha kuwa. Usumbufu unaoweza kujitokeza. Ndugu zangu, sikupata hata moja. Nani amewahi kuyapenda maneno haya? Hakuna mtu anayemwandikia mchumba wake "usumbufu unaoweza kujitokeza". Nimeyaokota kwenye taarifa za maofisa zinazoletwa ofisini kwetu kila asubuhi, nikayavaa kama suti ya kuazima.

Ndipo nikaanza kusoma upya historia ya jambo hili: waandishi wetu wakubwa, waliopenda maneno kikweli, walifanyaje walipotaka kusema jambo likaeleweka? Nimesoma wikendi nyingi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na jambo ambalo tunalisahau. Katika Kiswahili, shairi ni babu na habari ni mjukuu. Muswada wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate kwa hati ya Kiarabu, ni wa mwaka 1728. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama mmoja wa Lamu alimtungia binti yake, ni wa mwaka 1858. Gazeti la Kiswahili lililo maarufu kwa ukongwe, Msimulizi, lilitolewa na Wamisionari wa UMCA Unguja mwaka 1888. Maana yake ni kwamba Mswahili akitaka kuandika kwa mapambo ana walimu wa karne nyingi nyuma yake, ana mizani, ana vina, ana istiari za bahari na vyombo. Akitaka kuandika kwamba jana ghala limeungua na watu wawili wamefariki, ana walimu wa miaka mia moja na ushee tu. Si ajabu mkono wetu unavutwa kwenye mapambo. Ndiko nyumbani.

Lakini tazama Mwana Kupona. Yule mama alikuwa mgonjwa, na alikuwa na mambo ya kumwambia mwanawe kabla hajafa: dini, adabu, namna ya kuishi na mume na watu. Alichagua utenzi, yaani beti fupifupi zinazokaririka. Sisi leo tunauona ni fasihi ya kale ya kutolea mtihani. Kwa yule binti ulikuwa ni maelekezo, na umbo lile lilikuwa msaada wa kuyakumbuka. Kwa hiyo hata huko kwa babu, pambo lilikuwa na kazi.

Habari za Waingereza nitazipitia haraka. Mwaka 1928 walikaa Mombasa wakaamua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo iliwekea vitabu muhuri wa kukubaliwa na ikatoa kamusi yake kubwa mwaka 1939. Wenyeji wa pwani walinung'unika, na mpaka leo wapo wanaonung'unika, kwamba Kiswahili kile kilinyooshwa mpaka kikakosa utamu. Mimi nadhani wana haki kwa kiasi fulani. Lakini usahili wa Kiswahili haukuletwa na kamati. Ulikuwa unatafutwa na wenyewe kwa sababu zao.

Mfano mzuri ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ambaye wengi wenu mnamjua kwa mwanawe, Profesa Ali Mazrui. Huyu alikuwa mwanachuoni wa Kiarabu. Angeandika Kiarabu chake, wanazuoni wenzake wakamsifu, mambo yakaisha. Badala yake mwaka 1930 akaanzisha kijigazeti akakiita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha kingine, Al-Islah, akaandika kwa Kiswahili juu ya mambo yaliyokuwa yakiwaumiza watu wa pwani: elimu, uvivu, kuiga mambo ya kigeni bila kuchagua, ardhi kuponyoka mikononi. Alitaka asomwe na mtu wa kawaida, ambaye Kiarabu chake kinaishia kwenye sala. Mtu akiandika ili asomwe na fulani, na fulani huyo ana dhiki ya kweli, sentensi zinajirekebisha zenyewe. Angalau ndivyo ninavyoanza kuamini.

Sasa Shaaban Robert, ambaye mhariri alinionya nisimsingizie.

Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafa mwaka 1962, miezi michache tu baada ya uhuru. Tunamwita malenga, mwanafalsafa, baba wa fasihi. Kazini alikuwa karani. Aliingia idara ya ushuru wa forodha mwaka 1926 na kukaa humo mpaka 1944, kisha akahamishwa huku na huku, ofisi ya mkuu wa wilaya, ofisi ya upimaji ramani. Zaidi ya miaka thelathini ya kuandika mchana kile alichoambiwa na mkoloni, na usiku kile alichotaka mwenyewe. Hilo shuleni hatukuambiwa vizuri. Tulionyeshwa picha yake amevaa kofia, tukaambiwa tutaje dhamira tano.

Tazama majina ya vitabu vyake viwili vilivyochapwa Johannesburg: Pambo la Lugha, na Kielezo cha Insha, hiki cha pili mwaka 1954. Kimoja kwa jina lake kinaahidi mapambo, kingine kinatoa mifano ya namna ya kuandika nathari. Mtu mmoja, mwajiriwa mmoja, meza moja. Mimi nilikuwa nadhani mtu huchagua upande. Kumbe yeye alikuwa na milango miwili kwenye nyumba ileile.

Na alijua autumie upi na lini. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, naye akiwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Kijana Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na anajitetea mbele ya baraza kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi nayo, wakafungwa. Lugha ni nzito, sentensi ndefu zimejaa vito, majina ya watu ni tabia zao. Tulipokuwa kidato cha tatu tulilalamika: si angesema tu kwamba serikali inawaonea watu? Jamani, angesema tu angekula wapi? Angelala wapi? Mapambo ya Kusadikika ni ngao. Nyuma ya yale maneno kuna karani mwenye familia anayesema mbele ya mwajiri wake kwamba sheria bila haki ni jela.

Kisha shika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka kitabu mwaka 1958. Siti alikuwa mwimbaji wa taarab, mtoto wa watu maskini wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kujifunza kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban aliwahi kuzungumza naye kabla ya hapo. Kwa maneno ya kazini kwetu, alikwenda kufanya mahojiano! Sisemi kitabu kile ni kikavu. Kina mawaidha, kina mifano, huyu ni Shaaban bado. Ila inapofika mahali pa kumwambia msomaji Siti alizaliwa wapi, aliuza nini, alisafiri vipi, anashuka chini, anaweka mguu ardhini. Alijua kwamba mwanamke aliyebeba vyungu hahitaji kuongezewa mzigo mwingine wa maneno.

Niliposoma hapo nilikumbuka lile daftari langu. Ofisi, chumba, karatasi tatu. Ndio vyungu vyangu vile.

Wa pili niliyekaa naye sana ni Abdilatif Abdalla, na kwake itabidi turudi Mombasa. Kijana huyu alizaliwa mwaka 1946, na mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22 (mdogo kuliko mimi!), aliandika kijitabu cha kuikosoa serikali ya Kenya baada ya kuona chama cha upinzani cha KPU kinavyobanwa. Kijitabu kile hakikuwa na kichwa cha "Tathmini ya Changamoto za Kidemokrasia". Kilikuwa na maneno mawili na alama ya kuuliza: Kenya: Twendapi?

Lichunguze hilo neno moja, twendapi. Lina sisi, lina mwendo, lina mahali pasipojulikana. Mtoto analielewa, bibi analielewa, na kwa bahati mbaya askari pia alilielewa. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi. Swali la maneno mawili lilimgharimu ujana wake.

Huko ndani, sehemu kubwa akiwa amefungiwa peke yake, alianza kutunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakatolewa nje kwa siri pia. Yalichapwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Na hapa ndipo nilipotatizika, maana mashairi yale si mepesi hata kidogo. Yana vina na mizani kamili, yana Kimvita cha ndani, yana maneno ambayo mimi mtoto wa bara nayatafuta kwenye kamusi na siyapati. Nilijiuliza: mbona mtu aliyejua kusema "Twendapi?" akarudi kwenye lugha ya mababu?

Jibu nililolipata ni langu, mnaweza kulikataa. Kijitabu kilikuwa cha umma, kilitakiwa kisomwe haraka kabla hakijakamatwa. Mashairi aliyatunga akiwa hana msomaji, hana kitabu, hana mtu wa kuongea naye, na lugha ya Mvita ndiyo kitu pekee cha nyumbani ambacho askari jela hakuweza kukiacha getini pamoja na nguo zake. Pale maneno mazito yalimfariji na yalimpa kazi ya akili. Mtu aliyetungia kwenye karatasi ya chooni hana nafasi ya neno la bure. Kila silabi imehesabiwa. Kwa maana hiyo shairi lake gumu lina nidhamu kuliko aya yangu ya ukurasa wa tano, ambayo ilikuwa na maneno zaidi ya ishirini na tano na haikuwa na tarehe.

Kichekesho ni kwamba mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilishinda tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Na kitu kingine ambacho sisi waandishi wa habari tunapaswa kukijua: baada ya kufanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1979 malenga huyu alikwenda London kuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Yaani mtunzi wa Sauti ya Dhiki alikaa miaka kadhaa akiwasomea watu habari redioni, mahali ambapo msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma mara mbili.

Wakati Abdilatif anashika vina gerezani, huku Tanzania kulikuwa na vita vya maneno juu ya vina hivyohivyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na wengi walikifuata kama msahafu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe ambaye riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilishawatia watu tumbo joto, akatoa diwani ya Kichomi. Haina vina vya kawaida, na mwenyewe alieleza kuwa anataka ushairi utumie lugha ya watu ya kila siku. Weee! Wazee wa mizani waliona anabomoa nyumba. Magazetini na vyuoni ugomvi ule ulichukua miaka mingi, na ukiwachokoza walimu wa fasihi leo bado utauona haujaisha.

Kwa riwaya za mwanzo za Kezilahabi nampa mikono miwili. Sentensi fupi, watu wanakula, wanalewa, wanapigana, unaona kisiwa. Lakini baadaye huyuhuyu mtetezi wa lugha ya kila siku akaandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambavyo vimewatoa jasho wasomi mpaka kesho. Maneno yake ni mepesi, hutafuti kamusi, lakini ukifika mwisho unajiuliza umesoma nini. Kezilahabi alifariki mwaka 2020 na hatuwezi kumuuliza tena. Mimi nilichojifunza kwake ni kwamba neno rahisi si dhamana. Unaweza kumpoteza mtu kwa maneno ya darasa la pili. Yeye alifanya kwa kukusudia, maana alikuwa anahoji maisha yenyewe. Mimi nilifanya kwa uzembe, na nilikuwa nahoji barabara.

Nisipomtaja Mwalimu mtanishangaa. Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, akiwa Rais tayari, hakuridhika nayo, akaifanyia kazi upya ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Uzeeni akaweka Injili katika tenzi. Mtu mwenye ugonjwa wa maneno kiasi hicho! Lakini angalia Azimio la Arusha la mwaka 1967 linavyosema tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Unaweza kulipinga, na wengi wamelipinga, lakini huwezi kusema hukuelewa unachopinga.

Na katika enzi hizo kuna kampeni moja ambayo nadhani inastahili kufundishwa kwenye vyuo vyetu vya uandishi wa habari: Mtu ni Afya, ya mwaka 1973. Ilikuwa elimu ya afya kwa njia ya redio. Watu walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, mmoja wao akasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka majani karibu na nyumba. Walishiriki watu wapatao milioni mbili, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamejifunza kusoma. Hebu fikiria uko kwenye meza ya mwandishi wa vijitabu vile. Msomaji wako amejua herufi mwaka jana, anasoma kwa kidole, kwa sauti, mbele ya majirani zake. Ukiweka "vielelezo stahiki" pale, anaaibika mbele za watu, na choo hakichimbwi. Waliochagua jina lile walitumia maneno matatu, na la katikati ni "ni".

Tumetoka huko tukaja kwenye "zoezi". Zamani zoezi lilikuwa hesabu za daftarini na kuruka kamba. Leo kuna zoezi la kuhesabu watu, zoezi la usafi, zoezi la ubomoaji. Linapendwa kwa sababu halina mtu ndani yake. Na hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana kitenzi cha Kiswahili kwa asili yake kinamtaja mtu. Ukisema "atakulipa" umeshasema nani analipa, lini, na nani analipwa, kwa neno moja. Hiyo ni zawadi ya lugha yetu. Ili uifiche habari katika Kiswahili inabidi ufanye kazi ya ziada: ukate mtendaji, ulete "-wa" ya kutendwa, uongeze "zoezi la", umalizie na "husika". Nani alimtaka mzee apeleke hati? "Wametakiwa." Kazi yote hiyo ya kuficha niliifanya mimi, bure, bila hata kuagizwa na yule ofisa, ambaye yeye alinipa tarehe kwa mdomo wake.

Mhariri ana kipimo chake, na sasa kimebandikwa kwenye kompyuta yangu. Kabla ya kuandika aya ya kwanza anakwambia: "Salio lako limebaki la dakika moja. Mpigie mama yako umwambie kilichotokea." Unasema kwa sauti, yeye anasikiliza. Kile ulichomwambia mama ndicho unachoandika. Mara ya kwanza niliona utoto. Nikajaribu na ile ya barabara: "Mama, wenye nyumba zenye alama ya X wapeleke hati kabla ya Ijumaa, chumba namba fulani, wasipopeleka hawatalipwa." Sekunde kumi. Dakika haijaisha na salio limebaki la kumsalimia.

Daftari langu la misamiati sijalitupa, msije mkaanza kunipongeza. Wiki iliyopita nimeandika humo "kuadimika" na "ngwe". Ila "stahiki" nimeifuta, ikae kwanza nje.

Sasa habari ya mzee. Ofisini walimwambia muda umepita, aandike barua ya maombi. Akaja kwangu, kwa nani tena? Nikakaa nikaanza: "Rejea kichwa cha habari tajwa hapo juu." Akaniuliza: "Kichwa gani? Hapo juu kuna anwani yangu tu." Tukafuta. Tukaandika mimi ni nani, nyumba yangu iko wapi, ina alama ya X tangu mwaka gani, nilichelewa kwa siku ngapi na kwa nini. Hapo kwenye "kwa nini" nilimwambia aseme ukweli, kwamba gazeti halikutaja tarehe. Alikataa. "Nitasema sikuelewa tangazo," akasema, "wewe bado una safari ndefu." Mistari saba, nakala tatu za karatasi zimeambatanishwa, sahihi.

Nilipotaka kuikunja akanizuia mkono. Akaisoma tena kwa kidole mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ni nzuri," akasema, "lakini weka na methali moja hapo chini. Wasije wakadhani imeandikwa na mtoto."

Tukaweka: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliipeleka mwenyewe Jumatatu asubuhi. Wamempigia muhuri wa kupokea, wakamwambia asubiri.